Kidirisha cha Banda la Kufulia

Matema, 3 Februari 1912

Jambo ninaloficha ni hili: nakojoa kitandani. Lilianza kabla ya Krismasi, nikadhani ni homa. Sasa ni karibu kila usiku. Mimi Zebedayo, niliyefundisha watoto kusoma katika pwani hii ya ziwa tangu Wadachi hawajajenga boma lao, naamka alfajiri shuka imenigandama mapajani, naikunja na kuisukuma uvunguni kama kitu cha wizi.

Anyisile mke wangu hajui. Tangu kikohozi kinizidi analala chumba cha pili. Viungo vya vidole vyake vimevimba, hawezi kukamua nguo nzito, na nguo zangu hakuna mwingine wa kuzifua ila yeye.

Ningeweza kumwambia. Sababu ya kutomwambia naijua. Nilipokuwa mwalimu wa bweni, mtoto aliyekojoa nilimtwika mkeka wake kichwani, akauzungusha uwanjani wenzake wakimwimbia. Eliud, ambaye leo ni mzee wa kanisa, aliubeba mara nyingi kuliko wote. Mpaka sasa hunitania mbele za watu: "Mwalimu, shingo yangu bado inaukumbuka mkeka ule." Yeye hucheka, nami hucheka naye. Siku atakayocheka peke yake sitaki kuiona.

6 Februari

Mvua kutwa. Shuka haikukauka.

10 Februari

Mto Lufilyo umefurika. Jana mamba alibeba mbuzi pale pale wanawake wanapofulia. Tusekile, mke wa mwanangu Asajile, alikuwa hapo na bunda la shuka za nyumba ya wagonjwa ya misheni. Desemba alilazwa humo kwa uzazi mgumu, mtoto akafa. Alipopata nguvu, Bibi wa misheni anayeuguza wagonjwa akampa kazi ya kufua.

Asajile alikuja kwangu asubuhi, randa bado mkononi. Ni seremala.

"Baba, namkataza. Shuka za wagonjwa zisiniulie mke."

"Usimkataze. Mjengee banda la kufulia hapa nyumbani. Maji yachotwe, nguo zisishuke mtoni."

"Hapa? Kati ya nyumba yako na yangu?" Akatazama miguu yake. "Atapitaje, baba?"

Aliuliza vyema. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake, wala hagusi nguo aliyolalia. Wazee wetu waliwapa vijana kijiji chao mbali ili hao wawili wasikutane. Sisi Wakristo tumebanana kwenye ardhi ya misheni. Kanisani nimehubiri kwamba Mungu hakukataza mkwe kusalimiana na mkwe. Nyumbani nakohoa kwanza ndipo nitoke, Tusekile apate nafasi ya kujitanda nguo usoni na kuzungukia migombani. Ni miaka minne, uso wake siujui.

"Tutaweka ukuta wa mianzi," nikamwambia, "na kidirisha upande wa nje. Mwenye nguo chafu ataziingiza humo zianguke tengani. Hataingia, hataonana na mtu."

Akanitazama kwa upendo mpaka nikageuza macho. Shuka za wagonjwa zina damu, usaha, kila uchafu. Shuka moja ya mzee ikianguka katikati yake, nani ataitambua? Hilo ndilo nililokuwa nikiwaza.

Anyisile aliposikia alipiga makofi. "Mwalimu amewaza kazi za wanawake! Lazima ana homa."

24 Februari

Wakisi wa Ikombe wameleta vyungu kwa mtumbwi, vikubwa, mtoto anaweza kujificha ndani. Mama mfinyanzi alinitazama kwa jicho moja.

"Vyungu vyote hivi, mwalimu? Unaoa tena?"

"Ni vya kuchemshia nguo."

"Nguo! Sisi tunachemsha maharage, ninyi mnachemsha nguo. Basi zikiiva mtuite."

Naandika banda lilivyo, kwa kuwa nimelipanga mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti. Sakafu imeinuliwa kwa kokoto za ziwani, na mfereji unatoa maji machafu kwenda migombani. Karibu na kidirisha kuna matenga mawili, la nguo nyeupe na la kaniki na nguo za rangi, ili asipoteze muda kuchambua. Kinachofuata ni chungu cha kulowekea, chenye maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kwa maana sabuni ya mche tunaibania. Kisha jiko na chungu cha kuchemshia, kisha cha kusuuzia. Vyote vimepangwa kwa mstari, nguo inakwenda mbele tu, hairudi nyuma. Juu, chini ya paa, Asajile amepitisha fito za mianzi za kuanikia siku za mvua. Mwisho kuna meza ya kupigia pasi, iliyo kimo kinachomfaa Tusekile. Zamani alipiga pasi amepiga magoti. Na rafu: ya misheni juu, yetu ya nyumbani chini, imerudi mwanzo, mkono wa mtu aliye nje uifikie kutoka kidirishani.

Majirani wanakuja kutazama. Wanasema ni mimi tu niliyeweza kushika desturi na Injili kwa pamoja. Hawajui kwamba nilianza na kidirisha, mengine yote nikayapanga kukifuata.

2 Machi

Limeezekwa.

9 Machi

Kazi iliyochukua siku mbili mtoni sasa inakwisha kabla ya jua kusimama. Nasikia chungu kikitokota na Tusekile akiimba wimbo wa kwao Ngana. Tangu mtoto afe hakuwa ameimba.

Leo alisimama nyuma ya ukuta wa mianzi, akasema na Anyisile kwa sauti ya kutosha nisikie: "Juba, umwambie tata, ndaga fijo. Mgongo wangu umepumzika."

Juba ni mama, tata ni baba, ndaga fijo ni asante sana. Hiyo ndiyo shukrani ya kwanza aliyowahi kunipelekea. Ilinikuta nimeshika Biblia, na shuka yangu ya usiku uliopita iko ndani, chunguni mwake, inachemka.

Shuka za nyumba ya wagonjwa zina alama ya uzi mwekundu pembeni. Yangu haina. Huikuta imekunjwa kwenye rafu ya chini. Anadhani ni ya mama mkwe wake, najiambia. Bila shaka anadhani hivyo.

15 Machi

Nimepitisha tena. Mkono unaingia kidirishani kabla sijaamua.

28 Machi

Jua halijaonekana wiki nzima. Ziwa limepanda mpaka kwenye mashina ya minazi ya misheni. Nguo hazikauki juu ya fito, zinavunda. Tenga la nguo nyeupe limeshika harufu, na harufu yenyewe ni ya mkojo, siwezi kuiita kitu kingine.

Nyumba ya wagonjwa imerudisha bunda zima. Bibi wa misheni mwenyewe yuko milimani, madaraja yamekatika, msaidizi wake ndiye aliyerudisha. Tusekile alifua upya. Nilimsikia akisugua matenga kwa mchanga mpaka adhuhuri.

Leo sikupitisha. Nimelalia majani makavu ya mgomba kama mbuzi.

3 Aprili

Inasemwa huko ufukoni kwamba Tusekile hazuii mkojo tangu uzazi ule. Maradhi hayo yapo, wanawake wanayajua. Mtoto akikaa njiani mno, mama huchanika ndani, mkojo ukamtoka mchana na usiku. Mwanamke wa namna hiyo hurudishwa kwao na kulazwa kibanda cha pembeni.

Marta, mke wa Eliud, ameacha kukaa naye benchi moja kanisani.

7 Aprili, Pasaka

Sikwenda. Nilisema kifua.

11 Aprili

Walikaa kwangu: Eliud kwa niaba ya kanisa, Asajile, Anyisile, nami kitini. Tusekile alikaa nje, upande wa pili wa ukuta, ametupa mgongo. Naandika maneno yao kama yalivyosemwa.

Eliud alikuwa na shuka mapajani. Ilikuwa yangu. Aliitoa tengani, mbichi, ilivyoanguka asubuhi.

"Mama Tusekile," alisema kwa upole, maana yeye si mtu mbaya, "hatukukuita kukuonea. Shuka hii haina alama ya misheni. Imetoka nyumba hii. Asajile, ni yako?"

"Si yangu. Nyumbani kwangu shuka ni ya maua."

"Mama Anyisile?"

"Yangu ni ile iliyopasuka katikati nikaishona. Si hii."

Mimi hawakuniuliza. Nguo aliyolalia baba mkwe kuwa katika tenga la mke wa mwana ni jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliwaza, na kuliuliza lingekuwa tusi. Nilikaa ndani ya heshima hiyo kama mtu aliyejificha ghalani.

"Tusekile, shuka ni ya nani?"

Mvua ilimnyeshea.

"Mwanangu, sema," alisihi Anyisile. "Kama ni ugonjwa, si dhambi. Tutatafuta dawa."

"Naifua mimi," akasema Tusekile.

"Hatukuuliza anayeifua," alisema Asajile, na sauti yake ilikatika. "Tumeuliza aliyeilalia. Ni wewe?"

"Naifua mimi."

"Basi mama akutazame. Mama peke yake, ndani, mlango umefungwa. Ukiwa mzima tumemaliza."

"Sitatazamwa."

Eliud alishusha pumzi. Asajile aliinama akashika kichwa. Niliona wazi sababu ya Tusekile kukataa, na naamini nilikuwa peke yangu kuiona. Akitazamwa akaonekana mzima, swali litabaki pale pale, shuka ni ya nani, na safari hii nyumba itakuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa.

Alijua. Pengine alijua tangu siku ya kwanza.

Kisha wakanigeukia. Eliud alisema, "Mwalimu, wewe ndiwe mkubwa. Tufanyeje?"

Nilikuwa na kinywa, na hewa ya kutosha kifuani. Nikasema, "Apumzike kwa baba yake mpaka Mungu amponye."

Walinishukuru kwa hukumu ya huruma.

12 Aprili

Ameondoka kwenda kwao Ngana na wasafiri wa Katumba Songwe. Kabla ya kuondoka alifagia banda na kufunika vyungu.

20 Aprili

Anyisile aliingia leo nikiwa bado kitandani. Hakubisha hodi. Alivuta blanketi, akaweka mkono wake uliovimba juu ya godoro, akaunusa.

"Msichana ana siku nane hayupo," alisema. "Nyumba inanuka ile ile."

Nikasema mbuzi.

"Mbuzi." Akacheka, kicheko nisichopenda kukisikia tena. "Mbuzi amepanda kitandani kwa mwalimu, akajifunika blanketi, akasoma na Zaburi. Zebedayo, nimezaa watoto saba. Harufu ya mkojo wa mtu mzima unanifundisha wewe?"

Nilimwambia yote ya kidirisha. Alikaa kwenye kasha la vitabu akanisikiliza, uso umekauka.

"Ungeniambia mimi. Ningefua kwa meno kama vidole havitaki."

"Niliona haya."

"Yeye je, hakuona haya? Kukalishwa mvuani akiulizwa habari za mkojo, na mume wake anasikia?"

Alisema na jambo jingine ambalo sitaliandika leo. Kisha akatoa shuka chini yangu, akaniosha kwa maji ya moto, akiwa hanitazami.

23 Aprili

Nimesema. Eliud na Asajile walikuja. Nilisema nikiwa nimelala kwa sababu kukaa siwezi.

"Shuka ile ni yangu. Niliipitisha mimi kidirishani tangu banda liezekwe."

Asajile alitoka nje. Nilimsikia akipiga kitu. Baadaye Anyisile aliniambia ni nguzo ya banda, aliipiga kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Nilimwita mchafu," alisema. "Mke wangu. Usiku ule kabla hajaondoka. Nilimwambia asinisogelee."



Eliud hakucheka. Nilingoja acheke, ningepata nafuu. Alivuta blanketi juu ya miguu yangu, akasema, "Mwalimu, mimi niliacha nikiwa na miaka kumi na mitatu. Unajua kilichoniachisha? Tulihamia kwa bibi yangu, na bibi hakusema kitu. Alianika tu mkeka."

Asajile ameondoka kwenda Ngana kwa miguu, mashamba yote yamejaa maji.

30 Aprili

Amerudi peke yake. Hezroni, baba yake Tusekile, alimpokea, akampa ndizi na samaki, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Habari ya shuka nimeisikia, na mzee akiwa mgonjwa simlaumu kwa mkojo. Lakini shuka haina mdomo. Kuna mtu aliyesema mwanangu ameharibika. Maneno hayo yamefika mpaka huku. Hakuna mwanamke wa Ngana anayekula naye sahani moja. Nitakuja Matema mwenyewe, na aliyesema wa kwanza asimame nimwone. Asiposimama, ng'ombe wenu wa mahari mtawachukua."

Tusekile alituma neno moja kwa mama mkwe: "Niliuona mkono ukiingia kidirishani, nikageuza uso kama nilivyofundishwa. Ningefanya nini?"

2 Mei

Eliud amemhoji mke wake mbele ya wazee wa kanisa. Ndivyo alivyo, hakumpendelea. Marta alilia, akasema kweli alieneza, ila alisikia kwa Anyisile walipokuwa wakianika dagaa.

Wakamwita Anyisile.

"Ni kweli," alisema. "Nilimwambia Marta nikitafuta dawa. Shangazi yake anajua mizizi."

"Na wewe ulisikia wapi?"

"Hakuna nyuma yangu. Ni mimi."

Yeye na Marta wamezuiwa meza ya Bwana. Hezroni akifika, Anyisile atapiga magoti mbele yake na kuomba radhi. Asajile amekaa kutwa bila kusema na mama yake. Jioni alikataa chakula alichopika.

4 Mei

Hezroni na Tusekile wamefika, wako kwa Eliud. Tutakaa kesho baada ya ibada. Anyisile amejipigia pasi kaniki yake, taratibu, mkono mmoja ukishika mwingine.

"Usipige magoti kesho," nilimwambia.

"Wewe umekwisha kusema lako. Hili niachie mimi, ni maneno ya wanawake."

"Si maneno ya wanawake."

"Zebedayo, watu wote wa pwani hii wamejifunza herufi kwako. Ufe hivyo. Mimi nitakumbukwa kwa nini, kwa ugali?"

Nimemwomba Asajile aniwekee kiti karibu na ukuta wa mianzi, mahali ambapo mke wake atasikia bila kulazimika kunitazama. Hajaniuliza sababu. Nitakayosema nayaandika hapa, kesho nisije nikapunguza.

Ilikuwa Februari, banda halijaezekwa. Siku ile niliandika katika karatasi hizi habari za matenga na mfereji, hili sikuliandika, nalo ndilo Anyisile alilonikumbusha siku aliponusa godoro. Anyisile alikuwa akiambua maharage mlangoni. Nilimwambia, "Uzazi ule ulimharibu mkwe wako, hazuii mkojo. Ukisikia harufu bandani usimlaumu." Aliacha maharage, akamlilia.

Tusekile hakuwa amefua hata kitambaa kimoja katika banda lile. Harufu haikuwapo. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu.